Kasha: gari la umeme halinywi esansi, lakini betri italipwa na nani?

Kila mara bei ya esansi inapopanda mjini Bukavu, maongezi yale yale yanarudi kwenye parkingi za wamotari. Mmoja alipita Kigali, akaona pikipiki za umeme zikipanda vilima bila kelele na bila moshi. Mwingine ana shemeji Ulaya ambaye, tangu anunue gari la umeme, amesahau hata harufu ya garaji. Kisha mtu anatupa neno: zile hazina vidanji, hazina bujii, hazina matengenezo. Na wote wanatikisa kichwa.

Kwa mtu wa Kasha neno hilo ni tamu. Kata hii ya komini ya Bagira iko pembezoni mwa mji, njia zake nyingi ni za udongo, na chombo kinachopanda huko kila siku hakikosi ugonjwa. Motari anayefanya kazi upande huo anajua kwamba pesa ya siku ina wadai wengi: versement ya mwenye pikipiki, esansi, garaji, kisha kile kinachobaki ndicho kinaingia nyumbani. Kama kipo chombo kinachomfuta mdai mmoja kwenye orodha hiyo, nani atakikataa?

Ila neno la parkingi lina ukweli nusu tu. Gari la umeme linaondoa gharama ndogondogo za kila juma, hilo halina ubishi. Lakini mahali pake linaweka gharama moja kubwa, inayokuja mara moja, tena siku ambayo mwenye gari hakuipanga. Familia ya Kasha inaweza kuvumilia gharama ndogondogo, maana inazilipa kidogokidogo, nyingine kwa deni la fundi anayejulikana mtaani. Ile kubwa haiwezi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kipi ni rahisi, esansi au umeme, watu wa Bukavu wanapaswa kuuliza betri inabebwa na nani.

Kinachoondoka

Moteri ya esansi ina mamia ya vipande vinavyosuguana, vinavyopata moto na kuchafuka. Ndiyo sababu inataka mafuta mapya, filtre ya mafuta, filtre ya hewa, filtre ya esansi, bujii, mkanda wa moteri, pampu, na siku moja amreyaji. Moteri ya umeme ina kitu kimoja kikubwa kinachozunguka katikati, basi. Haina kabureta ya kuziba, haina eshapma ya kutoboka, haina bujii. Pikipiki au gari la umeme likikataa kuwaka asubuhi, sababu haiwezi kuwa ni esansi yenye maji.

Na hapa Bukavu esansi yenye maji si jambo dogo. Chupa za kadafi zilizopangwa kando ya barabara zinaokoa watu wengi saa za usiku na siku za upungufu, lakini hakuna anayejua kilichomo ndani mpaka moteri ianze kukohoa. Wakati mwingine ni maji, wakati mwingine mtu amechanganya na petroli ya taa. Kabureta inafunguliwa na kusafishwa, injekta zinaziba, pampu inakufa kabla ya wakati wake. Hii ni gharama ya matengenezo ambayo vitabu vya watengenezaji wa magari kule Japani havikuiandika, nayo inaondoka yote siku chombo kinapotumia umeme.

Tuseme pikipiki inatembea kilometa 120 kwa siku, siku sita kwa juma. Ni kilometa 720. Ikifanyiwa vidanji kila majuma mawili, ni mara 26 kwa mwaka, na kama kila mara inakunywa lita moja, ni lita 26 za mafuta ya moteri. Kila motari aweke hapo bei anayolipa yeye, aongeze na mkono wa fundi. Mara nyingi pesa hiyo inatoka mfukoni mwa motari mwenyewe, si kwa mwenye pikipiki, na inatoka hata juma lile ambalo mvua imemnyima wateja.

Freni nazo zina la kusema. Chombo cha umeme kinapoteremka, moteri inaweza kugeuka mashine ya kutengeneza umeme: inakizuia chombo na wakati huo huo inarudisha nguvu kidogo kwenye betri. Si pikipiki zote zina uwezo huo, lakini magari karibu yote yanao. Kwa mji wenye mabonde kama Bukavu, hii ni zawadi. Gari linaloshuka kutoka Kasha kuelekea mjini linachoma plakete za freni kila siku. La umeme linashuka huku moteri ikifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na plakete zinakaa muda mrefu zaidi.

Huko ambako mambo haya yamepimwa, tofauti inaonekana. Mwaka wa 2021 maabara ya Argonne ya Marekani ilihesabu kuwa matengenezo ya gari la kawaida la esansi yanagharimu senti 10.1 za dola kwa kila maili, na ya gari la umeme senti 6.1. Mwaka mmoja kabla ya hapo, shirika la watumiaji la Consumer Reports, la huko huko Marekani, lilikuwa limefikia hesabu kali zaidi: gari la umeme linatumia karibu nusu ya pesa ya matengenezo na marekebisho ya gari la esansi katika maisha yake yote. Tukigeuza hesabu ya Argonne kuwa kilometa, gari linalotembea kilometa 15,000 kwa mwaka linaokoa karibu dola 370.

Dola 370 ni karo ya watoto. Lakini ni dola za Marekani kwa maana mbili. Kule, sehemu kubwa ya gharama ya garaji ni saa za fundi, na saa moja ya fundi inaweza kufika dola mia na zaidi. Hapa kwetu mkono wa fundi ndio kitu rahisi kuliko vyote: kijana anashinda chini ya gari mchana mzima kwa pesa ambayo huko hainunui hata chakula cha mchana. Piesi nazo ni za okazio, zimetolewa kwenye gari lingine lililokufa. Kwa hiyo ukileta hesabu ya Marekani hadi Bagira, faida inapungua. Mafuta na filtre zinabaki kuwa faida ya kweli, ila saa za fundi zilizookolewa si nyingi kwa thamani.

Njia ya Kasha haijali moteri

Muulize fundi yeyote wa Bukavu ni kitu gani kinamletea wateja kila siku. Atataja amortiseri, rotili, silenbloki, pine zilizopasuka na jante zilizopinda kabla hajataja moteri. Ni magonjwa ya barabara. Carina ya zamani au RAV4 inaweza kuwa na moteri nzima kabisa na bado ikalala garaji mara mbili kwa mwezi, kwa sababu shimo la jana limekuwa bonde leo.

Magonjwa haya gari la umeme linayapata yote, tena yanaweza kulishika zaidi. Betri ni nzito. Gari dogo la umeme linaweza kumzidi mwenzake wa esansi kwa kilo mia mbili, tatu na zaidi, na uzito huo wote unakaa juu ya amortiseri zile zile na pine zile zile. Tena betri ya gari imelala chini, chini ya miguu ya abiria. Barabara nzuri inaufurahia mpango huo kwa sababu gari linatulia. Lakini kwenye njia yenye mawe yanayochomoza, tumbo la gari la umeme ndipo pesa yake yote ilipo. Gari la esansi likigonga jiwe linatoboka karteri, mafuta yanamwagika, fundi anachomelea na kesho linatembea. La umeme likigongwa vibaya kwenye kasha la betri, hakuna wa kuchomelea. Na asijaribu.

Kisha kuna matope. Mvua ya Bukavu inaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka karibu na mwezi wa sita, na wakati wote huo pikipiki inaoshwa karibu kila siku, mtoni au kwa pampu yenye nguvu. Betri na waya za chombo cha umeme kilichotengenezwa vizuri zimefungwa maji yasiingie. Lakini kufungwa huko kunachakaa. Baada ya miaka miwili ya matope ya Kasha, kifungo kimoja cha mpira kilichokauka kinatosha kuleta kutu kwenye viungo vya umeme. Ni matengenezo mapya ambayo motari wa leo hayajui, na ni nafuu kama yanafanywa kwa wakati: kukagua viungo, kukausha, kubadilisha mpira. Yasipofanywa yanakuwa ghali.

Na kwa wale wanaosema kwamba gari la umeme halina mafuta hata kidogo, ni vizuri wajue kuwa lina mafuta ya freni yanayopaswa kubadilishwa, lina mafuta kidogo kwenye giaboksi yake ndogo, na mengi yana maji ya kupooza betri au moteri. Lina hata ile betri ndogo ya volti 12 ya siku zote, na ikifa, gari la maelfu ya dola linakataa kuwaka kama tu Corolla ya mwaka wa 1998.

Gharama inayokuja mara moja

Sasa betri kubwa. Haifi ghafla kama bujii. Inapungua, mwaka baada ya mwaka, kama godoro linalobonyea: gari lililokuwa linatembea kilometa 150 linafika 120, halafu 90. Nissan Leaf, gari la umeme ambalo limeuzwa sana kama okazio duniani, lilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka wa 2010 likiwa na betri ya kilowati-saa 24 isiyo na maji ya kuipooza. Katika miji yenye joto kali, kama Phoenix ya Marekani, wenye magari hayo walianza kulalamika baada ya miaka michache tu kwamba betri zinayeyuka mapema.

Hapa Bukavu ina bahati ambayo haizungumzwi. Mji uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa yake ni ya baridi kidogo mwaka mzima, na joto ndilo adui mkubwa wa betri za lithium. Betri ile ile inaweza kuishi vizuri zaidi Bukavu kuliko Kinshasa au Dar es Salaam. Kinachoitesa hapa ni kupanda. Kila mlima unadai nguvu nyingi kwa mkupuo, na kushuka kunarudisha sehemu yake tu, hata siku ambazo gari linateremka kutwa.

Tatizo ni kwamba magari ya umeme yatakayofika Bukavu hayatakuwa mapya. Magari ya esansi yanayotembea hapa mengi ni okazio kutoka Japani, yamepita bandari za Dar es Salaam au Mombasa, na hakuna sababu ya kufikiri kwamba ya umeme yatafuata njia nyingine. Na gari okazio la umeme ni rahisi kwa sababu moja kubwa: mwenye nalo wa kwanza ameona betri inashuka, akaamua kumuachia mwingine mzigo. Kilometa kwenye dashibodi zinaweza kuwa chache, rangi inang'aa, viti ni safi. Betri imebaki na nusu.

Hesabu ni hii. Mwaka wa 2024, kwa mujibu wa BloombergNEF, wastani wa bei ya betri duniani ulikuwa dola 115 kwa kilowati-saa moja. Betri ya kilowati-saa 40, ukubwa wa Leaf ya kizazi cha pili, ni dola 4,600, na hiyo ni bei wanayolipana watengenezaji wenyewe, bila meli, bila lori kutoka bandarini, bila douane, bila fundi. Chukua ile akiba ya dola 370 kwa mwaka, hata bila kuipunguza kwa hali ya Bukavu: inataka zaidi ya miaka 12 kufidia betri moja. Akiba ya esansi inaharakisha hesabu, tena sana kwa mtu anayetembea kutwa. Lakini akiba ya esansi ni franka zinazoliwa kila siku, unga na karo. Hakuna anayeziweka kando kungoja siku ya betri.

Ni haki kusema upande wa pili. Bukavu ni mji mdogo. Mfanyakazi anayetoka Kasha asubuhi, anafika Ibanda, anarudi jioni, anatembea kilometa zisizofika 30. Betri iliyobaki na asilimia 60 inaweza kumtosha kwa miaka, hata na vilima. Kwa mtu huyo gari okazio la umeme linaweza kuwa biashara nzuri kweli, akiwa na mahali pa kuchaji usiku. Kwa taksi ya kwenda na kurudi kutwa, betri hiyo hiyo ni msiba. Gari lile lile, mji ule ule, na hesabu mbili zinazopingana. Ndiyo maana wauzaji wanaosema "la umeme ni rahisi" bila kuuliza mnunuzi atafanya nalo kazi gani wanastahili kutiliwa shaka.

Mnunuzi naye ana silaha. Kwenye Leaf kuna vijiti 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri, kando ya vile vinavyoonyesha chaji. Avihesabu kabla ya kuhesabu pesa. Kuna vifaa vidogo vinavyochomekwa chini ya usukani na kuonyesha hali ya betri kwenye simu. Na aangalie mdomo wa chaji: gari lililotengenezwa kwa soko la China halina mdomo sawa na la Japani, wala la Japani na la Ulaya.

Fundi yuko wapi?

Betri ya Leaf ya kwanza ina vipande 48. Mara nyingi si vyote vilivyokufa. Ni vichache vinavyovuta vingine chini, na fundi mwenye ujuzi anaweza kubadilisha hivyo tu, kwa sehemu ndogo ya bei ya betri nzima. Tofauti kati ya gari lililokufa na gari lililopona inaweza kuwa ni mtu mmoja aliyesoma kazi hiyo. Lakini ndani ya betri hiyo kuna zaidi ya volti 300, na umeme wa namna hiyo hausamehe. Fundi wa chini ya mti, aliyezoea kupima betri ya volti 12 kwa kugusanisha waya, akifungua kasha hilo kwa bisibisi ya kawaida anaweza asiinuke.

Ethiopia imepita njia hii haraka. Mwaka wa 2024 nchi hiyo ilikataza kuingiza magari binafsi ya esansi na mazutu, magari ya umeme yakajaa Addis Ababa, na kilio kilichofuata kilikuwa cha piesi na mafundi. Wenye magari waligundua kwamba garaji za kwao hazikuwa tayari. Ile nchi ina umeme mwingi na rahisi kuliko wetu, na bado.

Bukavu haianzi sifuri. Ina ITFM, shule ya Fundi Maendeleo, ambayo vizazi vya watu wa umeme na makanika wa mji huu vimepita. Ina INPP. Chumba kimoja, betri moja iliyotolewa kwenye gari lililogongwa, glavu za mpira za kazi hiyo, vyombo vya kupimia, na mwalimu aliyefundishwa Kigali au Nairobi: hiyo si ndoto ya mabilioni. Darasa hilo lingefaa kuanza kabla ya magari kufika, si baada ya mtu wa kwanza kupigwa na umeme.

Walichofanya Kigali

Wanaosifu pikipiki za Kigali wanaona pikipiki, hawaoni mpango ulio nyuma yake. Kampuni ya Ampersand ilipoanza biashara huko mwaka wa 2019, haikumuuzia motari betri. Motari anakuwa na pikipiki, betri inabaki ya kampuni. Ikipungua anaingia kituoni, inatolewa, anapewa nyingine iliyojaa, analipia umeme aliotumia na anaondoka. Betri ikizeeka, ni shida ya kampuni. Motari hajui hata ile aliyokuwa nayo jana iko wapi, na hana haja ya kujua.

Hapo ndipo penye jibu la swali la betri. Gharama kubwa inayokuja mara moja imegawanywa katika vipande vidogo vya kila siku, yaani imerudishwa kwenye umbo ambalo motari analijua na analiweza. Serikali ya Rwanda iliongeza uzito: mwaka wa 2021 ilipunguza na kufuta kodi kadhaa kwa vyombo vya umeme, na tangu mwezi wa kwanza wa 2025 pikipiki mpya za taksi zinazoandikishwa Kigali ni za umeme tu. Mtu anaweza kupenda au kutopenda siasa za huko, na Bukavu ina sababu zake nyingi za kutozipenda. Mpango wa betri ni mpango wa betri.

Kuuiga hapa si rahisi. Kampuni inayoweka mamia ya betri mjini inataka mkopo, bima na utulivu. Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa pili wa 2025 na benki zikafunga milango. Nani ataleta mtaji mkubwa kwenye mji ambao mfanyabiashara anavuka mpaka kutafuta pesa yake mwenyewe? Kwa hiyo kinachoweza kuanza ni kidogo: ushirika wa wamotari wenye pikipiki kumi, betri kumi na tano, na paneli za jua juu ya paa moja. Au hospitali, hoteli na mashirika ambayo tayari yana paneli, walinzi na makanika wao. Hao wanaweza kubeba betri. Baba wa familia aliyeuza shamba ili anunue Leaf okazio hawezi.

Umeme wenyewe unatunzwa na nani

Bukavu inakaa juu ya maji yenye nguvu. Ruzizi I ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi II ilifuata mwaka wa 1989 nayo inagawana umeme wake kati ya Congo, Rwanda na Burundi. Na bado Bukavu inaishi kwa delestaji. Kasha inajua giza kuliko Nguba, na mtu asiyejua umeme utarudi saa ngapi hawezi kujua gari lake litajaa saa ngapi. Akinunua jenereta ya kuchajia gari, amerudi kwenye esansi, vidanji na bujii kwa mlango wa nyuma.

Kuna jambo moja ambalo wakaaji wa mji wanajifanya hawalioni. Chupa za plastiki zinazotupwa kwenye mifereji zinashuka na mvua, zinaingia mto Kawa na vijito vingine, zinafika ziwa Kivu, na ziwa linazisukuma mpaka kwenye mdomo wa Ruzizi. Pale zinaziba mitambo ya SNEL, watu wanalazimika kupiga mbizi kuzitoa, na mashine zinasimama. Mji unazima kwa takataka zake. Kila mwenye ndoto ya gari la umeme aingize na hii kwenye hesabu ya matengenezo: mfereji ulio mbele ya nyumba yake.

Wengine watauliza kama si aibu kwamba Congo, inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia kutoka Katanga, inahesabu senti kwa ajili ya betri. Ni aibu. Mwaka wa 2022 Congo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza betri pamoja. Lakini mtu wa Kasha asingoje hapo. Tena betri nyingi za bei rahisi zinazotengenezwa China leo, za pikipiki na za magari, ni za chuma na fosfati. Hazina kobalti hata chembe.

Kama kesho mtu atatokea Bagira na pikipiki za umeme za kukopesha, na siku hiyo inaweza isiwe mbali, chama cha wamotari kisianze kwa kuuliza bei. Kiombe karatasi ya mkataba na kitafute maneno haya: betri ikishuka chini ya kiwango fulani, inabadilishwa na nani, kwa siku ngapi, na motari anakula nini katika siku hizo? Maji ya mvua yakiingia ndani, ni kosa la nani? Ikigonga jiwe kwenye mteremko wa Kasha? Betri iliyokufa kabisa inarudishwa wapi, ili isiishie nyuma ya nyumba ambapo watoto wanacheza? Kama majibu hayamo, TVS ya zamani bado ina esansi ya kadafi, vidanji ya majuma mawili, na fundi wa chini ya mti anayekubali kulipwa Jumamosi.